Mbele Kulia

Risiti ninayo, Tulinagwe. Usiniulize tena.
Nimeikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa sukari,
mfuko nikautia ndani ya Biblia,
maana mvua ya Isongole haina adabu, huingia hata kifuani.
Wino umefifia, lakini ukiinyanyua hivi, dirishani, unasomeka:
shokapu moja, mbele kulia, dhamana miezi sita,
muhuri wenu, na sahihi yako
yenye mkia mrefu kama wa panya buku.
Mbele kulia. Na mimi nikadhani mmeandika upande tu.

Mwezi wa nne ikaanza.
Kila shimo kwii, kila tuta kwii,
mtoto mwenye mafua ndani ya bodi la chuma,
hata wanunuzi wa viazi wakanisikia nikiwa bado Ntokela:
"Huyo Mama Lugano, wekeni mizani."
Anyelwisye akalala chini ya pikapu pale Uyole,
akatoka na kidole kimelowa mafuta,
akaninyooshea kama aliyeshika ushahidi.
"Imepasuka, mama. Si mimi. Ni kitu chenyewe."

Si mimi!
Duka likasema si sisi, fundi kaifunga vibaya.
Fundi akasema waniletee aliyefunga zaidi yangu.
Duka likageuka: basi ni barabara,
dhamana ni ya lami, mama, haijui makorongo.
Nikauliza, viazi mnavyokula hapa Mwanjelwa
vililimwa kwenye lami?
Ukacheka, Tulinagwe. Nilikuona.
Ulifunika mdomo kwa kalamu.

Wiki tatu za si mimi, ndipo mkaipokea ile mbovu.
Nyingine inatoka Dar, mkasema. Jumanne.

Jumanne, mzigo uko Chalinze.
Jumanne ya pili lori limelala Kitonga,
hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka.
Jumanne ya tatu utingo kaishusha Makambako kimakosa,
ikachukuliwa Njombe, ikalala huko siku tano.
Shokapu yangu imetembea nchi hii kuniliko mimi.
Jumanne ya nne bosi yuko msibani Kyela
na ufunguo wa stoo uko msibani pia.

Pikapu ilikaa juu ya mawe matatu na jeki moja,
na jeki Anyelwisye alikuwa ananidai,
jeki nayo ina kazi zake.
Kuku wa jirani alitaga ndani ya rimu.
Baridi ya Juni ilitia ukungu kwenye vioo,
mtoto wa mtu akaandika kwa kidole: INAUZWA.
Nikafuta. Kesho yake, INAUZWA.
Ghalani magunia kumi na manne yaliota macho.
Nikiingia usiku na tochi, viazi vyote vinanitazama,
wala haviulizi.

Leo umeitoa kwenye boksi, inanukia rangi.
Ukafungua daftari. Ukatazama kalenda ukutani.
Ukasema polepole, huku ukiisemesha kaunta,
"Ila mama, miezi sita imeisha juzi."

Nilikuwa na matusi ya Kinyakyusa, mazuri, ya bibi yangu.
Nikayameza. Nikasema tu:
siku arobaini na moja gari limekaa juu ya mawe.
Niambie, binti, mawe yalipita korongo gani?

Ukatazama mlango wa bosi.
Ukachukua ile kalamu uliyofichia kicheko.
Muhuri wa kwanza haukushika, ukapiga wa pili.

Sasa ni saa kumi na mbili, nimeuacha mji nyuma,
napanda kwenda Isongole na taa moja.
Mashimo ni yale yale. Nalipitia moja kwa makusudi:
kimya. Kulia kumenyamaza, Tulinagwe, nisingekudanganya.

Nalipitia la pili.
Kushoto ndiko kunakolia.